Bango la Kelele Kiasi

Mimi huandika mabango kwa brashi. Nataja brashi kwa sababu siku hizi hapa Mwanza ukisema unaandika mabango, watu wanadhani una kompyuta na ile mashine inayotema turubai lenye picha ya nyama choma iliyopigwa sijui nchi gani. Mimi nina ngazi, uzi wa kupigia mstari, chaki, makopo ya rangi ya mafuta, na kijana wa kunishikia ngazi ambaye anajitangaza kuwa mwanafunzi wangu ingawa muda mwingi yuko kwenye simu. Nimeandika daladala za Buhongwa, saluni za Igoma, mitumbwi ya Kirumba, na makanisa yaliyohama kabla rangi haijakauka. Bei yangu ni kwa herufi. Mteja akilia kuwa ni ghali, namshauri apunguze maneno, na wengi hapo ndipo wanapogundua kuwa hawakuwa na mengi ya kusema.

Mama mwenye baa hakuwa mtu wa kupunguza maneno.

Baa yake iko Kirumba, juu kidogo ya Mwaloni. Mtu wa Mwanza nikishamwambia hivyo sina haja ya kuendelea. Kwa wengine: Mwaloni ndiko lilipo soko letu kubwa la samaki wakavu. Magunia ya dagaa yamepangwa mpaka yanaziba jua, sangara waliotiwa chumvi, tunawaita kayabo, wanasubiri safari ya Kongo, na wale korongo wenye vipara wanapita katikati ya mizigo wakiikagua kama maofisa wa ushuru. Sasa ukuta wa nyuma wa baa ya Mama umepakana na uwanja ambako huanikwa mapanki, yaani vichwa na mifupa ya mgongo ya sangara inayobaki viwandani baada ya minofu kwenda Ulaya. Na upepo wa ziwa una ratiba yake. Mchana unatoka majini kuja nchi kavu, usiku unatoka nchi kavu kwenda majini. Kwa baa ya Mama, maana yake ni kwamba kuanzia saa nne asubuhi mpaka jua kuzama, kila kilichoanikwa nyuma kinaingia mbele bila kupiga hodi. Sisi wa hapa tulishazoea. Mgeni ndiye anayeuliza kama kuna kitu kimekufa.

Siku aliponiita nilimkuta ameketi juu ya kreti, amenuna.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Fundi. Nataka Kiingereza."

"Kiingereza gani?"

"Kigumu."

Kumbe alikuwa na mawili moyoni. La kwanza lilikuwa kelele. Watu wa mazingira walikuwa wamempitia na kile kidude chao cha kupimia sauti, wakamwonya kuwa spika zake zinavuka kiwango, na wakaondoka wakizungumza habari za desibeli, neno ambalo Mama alilichukua kama tusi. La pili lilikuwa jirani wa ng'ambo ya barabara, ambaye alikuwa ameandika ukutani kwake "COOL PLACE" na tangu hapo akawa anatembea ametanua mabega. Halafu kuna AFCON ya 2027, ambayo Tanzania imepewa pamoja na Kenya na Uganda. Mama alikuwa na hakika kwamba wageni wakishatazama mpira, popote utakapochezwa, watapanda basi kuja Kirumba kula sato.

"Yule pale kaandika ‘cool’," akasema, "neno analolijua mtoto wa chekechea. Mimi nataka mzungu akisoma asimame. Liseme hapa kuna muziki. Lakini liseme kistaarabu, wale wa desibeli wakipita wasipate pa kushika."

Nikamwambia anipe usiku mmoja.

Nyumbani nina kamusi ya Kiingereza niliyoachiwa na mpangaji mwenzangu aliyehama na deni langu. Ni kamusi nzuri, isipokuwa niliwahi kuitumia kuegemezea kopo la rangi ya kijani msimu wa uchaguzi, na msimu ule rangi ya kijani haikuwa chache. Kopo likapinduka. Tangu siku ile kuna kurasa zimegandana moja kwa moja, na nyingine zinasomeka nusu. Nikaenda kwenye herufi N, kwenye mambo ya kelele. Nikakuta neno la kelele lenyewe, nikakuta la bila kelele, kisha chini yake, kwenye ukingo kabisa wa ziwa la kijani, nikaona: "noisome". Pembeni palikuwa na kifupi cha kuonyesha kuwa ni kivumishi. Maana yake ilikuwa chini ya rangi.

Lakini mimi si mtu wa kushindwa na rangi yangu mwenyewe. Nilifika kidato cha nne, na kwenye midahalo ya Kiingereza ndiye niliyekuwa nikisimama kusema "point of information" hata kama sina taarifa yoyote. Nikakaa nikalichambua. Noise ni kelele. Some ni kiasi. Ikaja "noisome": kelele kiasi. Nikajaribu kanuni hiyo kwenye maneno mengine ili nisije nikaonekana mtu wa kubahatisha. "Handsome" ni hand na some, mkono kiasi. Mwanamume asiyekuja mikono mitupu. Nenda kamuulize dada yeyote wa Mwanza kama huyo siye handsome. "Lonesome" nayo ni mikopo kiasi, na ndiyo maana mtu wa namna hiyo hana marafiki. Kanuni ikakubali kila mahali.

"Fundi, ngoja niangalie kwenye simu," akasema kijana wangu.

"Una bando?"

"La kuazima."

"Basi litunze."

Kesho yake nilimpelekea Mama neno lake, nikamweleza: muziki upo, lakini ni wa kiasi. Mpenda starehe akisoma atajua kuna kelele, na mtu wa desibeli akisoma atajua zimepunguzwa. Mama akalitamka polepole, akarudisha kichwa nyuma kwa jinsi alivyofurahi. Akasema hilo ndilo neno.

Bango lile, niseme ukweli, lilikuwa zuri. Ubao mpana, chini nyeupe, herufi nyekundu zenye kivuli cheusi, kila moja imekaa kwenye mstari wake. "A NOISOME PLACE FOR THE WHOLE FAMILY." Pembeni nikachora sangara mnene amevaa hedifoni, jicho moja amelifumba kwa raha ya muziki. Chini kwa herufi ndogo: supu asubuhi, sato wa kukaanga, ndizi, vinywaji baridi.

Wa kwanza kulisoma alikuwa msukuma mkokoteni aliyekuwa anapandisha magunia ya dagaa. Akasimama, akafuta jasho, akasoma kwa sauti: "No, isome." Akageuka kunitazama. "Nimeshaisoma. Inasemaje?"

Nikamwacha. Kiingereza si cha kila mtu.

Sasa Mama akawa hashikiki. Neno akaliona limekaa vizuri ukutani, akataka likae kila mahali. Jikoni, juu ya dirisha la kutolea chakula, nikaandika kuwa samaki wetu ni "FRESH AND NOISOME", kwa hoja ya Mama kwamba samaki anapotumbukia kwenye mafuta ya moto naye anapiga kelele kiasi. Kwenye mlango wa kwenda msalani nikaandika neno hilo peke yake na mshale. Wahudumu wakashonewa fulana za njano, mgongoni zimeandikwa "I AM NOISOME, ASK ME". Mabinti wale walizipenda mno, wakawa wanakwenda nazo mpaka sokoni.

Neno likashuka barabarani. Bodaboda wa kona ukiwauliza mambo vipi wanakujibu "noisome". Mshereheshaji mmoja, ambaye hunywa pale na ndiyo maana simtaji, akalipeleka kwenye harusi na kuwaomba wageni wasimame wampigie makofi bibi harusi kwa jinsi alivyo noisome jioni hiyo. Wakasimama. Mvuvi mmoja wa dagaa akanifuata Mwaloni niliandike ubavuni mwa mtumbwi wake, ule wanaotoka nao usiku wa giza na taa za kuvutia dagaa. Nikaliandika kwa bluu. Baadaye nimetambua kwamba mahali pote nilipowahi kuliweka, hapo ndipo lilipokaa sawasawa kuliko pote.

Na wazungu walikuja. Hilo Mama huwa analitaja mpaka leo akitaka kunikatisha maneno. Walikuja wazee wawili, mtu na mkewe, wametoka kutembea kisiwani Saanane, na kama alivyotaka Mama, walisimama. Mzee akasoma bango. Akavuta hewa kwa pua. Ilikuwa saa nane mchana, upepo umeshika zamu yake, nyuma kumeanikwa mzigo mpya. Akalisoma tena. Mkewe akaanza kucheka, akacheka mpaka akatafuta kreti akakaa. Mzee akanifuata, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema kwa Kiingereza kwamba katika safari zake zote hajaona tangazo lenye ukweli namna ile. Kisha akashika pua. Nikadhani ana mafua, nikampa pole. Walipiga picha kila kona, wakapiga na mshale wa msalani, wakanunua fulana mbili.

"Umeona?" Mama akaniambia. "Hao wa ‘cool place’ nani kawapiga picha?"

Wiki hiyohiyo akarudi ofisa wa mazingira na kidude chake. Sisi tulikuwa tumepunguza sauti, kila mtu amekaa kama yuko kanisani. Akatazama kidude, akatikisa kichwa kuridhika. Kisha akainua macho kwenye bango. Akalitazama kwa muda mrefu. Akamtazama Mama, akatazama ukuta wa nyuma.

"Hili," akasema, "kwa kweli si la idara yangu. Hili ni la bwana afya."

Akaaga akaondoka. Mama akaruka. Kwa hesabu yake bango lilikuwa limemshinda mtu wa serikali kwa macho tu. Alitaka kulifungia taa.

Kanisani kwetu kuna ibada ya Kiingereza, ambayo watu huiendea kwa sababu mbalimbali, na kumcha Mungu ni mojawapo. Mama huimba kwaya pale, sauti ya pili. Mimi huketi nyuma na Biblia yangu ya Kiswahili ili nisipotee sana. Jumapili hiyo somo lilikuwa Zaburi ya 91, ile ambayo watu huiandika kwenye karatasi wakaiweka kwenye pochi, na msomaji alikuwa kijana mwenye Biblia ya Kiingereza cha zamani, ile ya mfalme James ya 1611. Akafika mstari wa tatu. Akasoma kwa madaha, akasema Mungu atakuokoa na hiki na kile, "and from the noisome pestilence".

"AMINA!" Mama akapiga ukelele kutoka kwenye kwaya.

Kanisa zima likageuka. Mama hakujali. Ananitazama mimi, meno yote nje, ananionyesha kidole juu: limo! Neno letu limo!

Tulipotoka nje alinidaka kabla sijafika getini.

"Fundi, kesho njoo na ngazi. Chini ya bango andika Zaburi 91:3."

"Mama, ngoja kwanza."

"Nalipa herufi na tarakimu."

Kwa mtu wa kazi yangu hilo ni neno zito. Lakini mkononi nilikuwa nimeshika Biblia ya Kiswahili, kidole bado kipo kwenye mstari, nikaona bora tuutazame pamoja. Nikamsomea: "Maana Yeye atakuokoa na mtego wa mwindaji, na katika tauni iharibuyo."

Mama akanyamaza. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Kwa Kiingereza yalikuwa maneno mawili."

"Ndiyo."

"Noisome ndilo la kwanza."

"Ndiyo."

"Kwa Kiswahili la kwanza ni tauni."

"Mama…"

"Fundi, umeniandikia baa ya tauni?"

"Hapana, Mama. Waingereza huweka sifa mbele na jina nyuma. Tauni ndiyo ile ya pili. Noisome ndiyo hiyo iharibuyo."

Akafikiri. "Kwa hiyo ni baa iharibuyo."

"Ndiyo."

"Familia nzima."

Sikuwa na la kuongeza. Tukapanda bodaboda moja, sisi wawili na Biblia zetu, moja kwa moja mpaka kwenye baa. Dereva alipomwuliza Mama habari za ibada, akaongeza kuwa yeye leo yuko noisome kabisa, Mama akamwambia atazame barabara.

Pale kwenye baa kuna mwalimu mstaafu wa Kiingereza. Ana kiti chake kwenye kona, karibu na ukuta wa nyuma, hunywa soda moja kwa mchana mzima na kusoma magazeti ya watu. Wanafunzi wake wametapakaa kanda yote ya ziwa. Alikuwa ameketi chini ya bango langu tangu siku lililotundikwa, na hakuwahi kufungua kinywa. Tulipomweleza, akavua miwani.

"Noisome," akasema, na akalitamka vingine kabisa, silabi mbili tu, "halina uhusiano na kelele. Ni kitu chenye kunuka. Kunuka kwa kuchefua, hata kudhuru. Zamani lilikuwa na maana ya kudhuru zaidi, ndiyo hiyo tauni mliyoisikia. Siku hizi karibu mara zote ni harufu. Utalikuta kwenye moshi, kwenye jaa, kwenye mfereji uliooza, na kwenye vitabu kuliko midomoni."

Akatueleza kuwa mzizi wake umekatwa kutoka kwenye lile neno lao la kuudhi, annoy, ambalo liliondolewa kichwa likabaki noy, likashonewa mkia. Kumbe mkia ule wa some siyo kiasi hata kidogo. Ni kiambishi cha zamani cha kuonyesha tabia, kama kwenye tiresome, kitu chenye kuchosha. Nikamwuliza basi na handsome. Akasema lilianza kwa maana ya kitu kinachoshikika vizuri mkononi. Nikamgeukia kijana wangu. Mkono ulikuwepo!

"Na hili la kelele?" nikauliza. "Noise lenyewe limetoka wapi?"

Mwalimu akasita kidogo, na ndipo nilipojua nimempata. "Hilo," akasema, "wengi hulitoa kwenye neno la Kilatini la kichefuchefu. Kile cha kusafiri majini."

"Kile cha kwenye boti ya Ukerewe?"

"Hicho."

"Kwa hiyo, Mwalimu, moja linachefua na lingine linachefua. Ni ndugu."

"Si ndugu. Wamepanga nyumba moja."

"Na kwa Kiswahili chetu, harufu si tunaisikia? Mtu hasemi ameiona harufu. Anasema, nasikia harufu. Kinachosikika si kelele?"

Mwalimu akavaa miwani, akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Akasema angenipa alama mbili kwa juhudi. Kisha akasema, haya, wewe Mswahili, fikiri mgeni anafungua duka la manukato, anataka kuandika kuwa bidhaa zake zinanukia, anasahau herufi moja tu. Bango linasema zinanuka. Utamwambia nini? Nikasema nitamwambia herufi aliyoisahau inalipiwa. Mama akatuambia tunyamaze wote wawili.

"Mwalimu," akasema, na sauti imeshuka, "umekaa hapa siku zote hizi. Umeliona. Kwa nini hukusema?"

"Nilidhani mmeandika kwa makusudi."

"Makusudi?"

"Mama, mimi nilifika siku ile nikasoma. Tahajia sahihi. Sarufi sahihi. Nikavuta pumzi." Akavuta pumzi pale pale, kuonyesha. Upepo ulikuwa kazini. "Nikaona na ukweli umo. Ningesahihisha nini?"

Kuna mhudumu alikuwa anapita na sahani. Tukamsikia anauliza taratibu, hivyo mgongoni mwake paliandikwaje. Hakuna aliyemjibu. Alikwenda jikoni, na baada ya hapo ikasikika sauti ya wanawake wanne wakiongea kwa wakati mmoja. Kama kuna siku watu wa desibeli walipaswa kupita, ilikuwa hiyo.

Mjadala uliobaki ulikuwa wa fedha. Mama alisema silipwi shilingi, nifute nianze upya. Mimi nikasema kosa ni la aliyechapa kamusi kwa karatasi inayonyonya rangi. Mwalimu ndiye aliyetupatanisha. Alisema lipo neno lingine la ukoo huohuo wa some, zuri, la kuvutia, husemwa kwa tabasamu la mtoto au la binti mwenye haiba. Winsome. Mwanzo wake ni neno la kale la furaha. Nikaliandika mezani kwa chaki. Herufi saba, kama lile la zamani. Nne za mwisho zilezile. Ilitosha kufuta N, O na I, na kuweka W, I na N. Sijapata kuona msamiati wenye huruma kwa fundi namna ile.

Nililibadilisha jioni hiyohiyo. La jikoni nalo. La msalani Mama alisema liachwe.

Mvuvi nilimfuata Mwaloni nikamweleza maana, nikamwambia nitamfutia kwa nusu bei. Akacheka. Akasema mtumbwi wake una dagaa tangu utoke kwa seremala, unataka aandike unanukia ili nani adanganyike? Mume wa yule bibi harusi sijamfuata. Hajaniuliza.

Basi tukapumua, kwa siku kama mbili hivi. Kisha akaingia kijana na simu mkononi, anatweta, anasema mkeka wake umetiki, analipwa dirisha lipi? Mama akamwambia hapa ni baa. Kijana akatoka nje akasoma bango, akarudi. "Si mmeandika WIN?" Akaja mwingine akiwa mkali zaidi. Huyu alilisoma lote, akalichambua kwa kanuni ambayo nilikuwa naifahamu vizuri sana, na alitaka kujua kwa nini wenzetu wanalipa ushindi wote halafu sisi tunalipa kiasi. Kufikia mwisho wa wiki walikuwa wanajipanga asubuhi. Wengine walikaa wakaagiza supu huku wakisubiri odi zitundikwe ukutani. Mwalimu akawa anajaribu kuwaeleza habari za Kiingereza cha kale na wao wanamwuliza kama Simba anashinda. Siku alipokuja mtu aliyevaa nadhifu, na bahasha kwapani, akauliza leseni ya michezo ya kubahatisha iko wapi, Mama alinipigia simu kabla hajamkaribisha kiti.

"Fundi, njoo na ngazi. Kiingereza nimekichoka. Ondoa chote. Andika Kisukuma, lugha ya hapa, kila mtu aelewe."

Mimi ni mtu wa Ukerewe. Nimekaa Mwanza miaka mingi, lakini Kisukuma changu kinaishia kwenye salamu. Kijana wangu ni Msukuma wa Magu, na hapo ndipo angefaa, ila safari hii bando lilikuwa lake mwenyewe na alikuwa amelizamia. Nikaona, ya nini kujisumbua? Hakuna kitu kizuri kwenye mlango wa baa kama salamu. Nikafuta ubao wote, nikamwacha sangara na hedifoni zake, nikaandika kwa herufi kubwa kuliko zote nilizowahi kuandika: MWADILA.

Kesho yake saa moja asubuhi nilipita kudai changu. Nikamkuta mzee mmoja, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Kisesa kwa jinsi alivyoshika fimbo, amesimama chini ya bango na bakuli la supu ambalo hajaligusa. Alikuwa analitazama bango, analitazama bakuli.

"Ng'wanawane," akaniambia, "asubuhi sisi tunasema mwangaluka. Mwadila ni ya jioni." Akanisogezea bakuli. "Kwa hiyo hii supu ni ya jana?"